Kukagua nyumba ya mawe Mji Mkongwe: nyufa ziache kwanza, panda juu

Mtu akirithi nyumba Mji Mkongwe huko Zanzibar, au akitaka kununua, kitu cha kwanza anatafuta nyufa, anapiga picha anatupia kwenye grupu la ukoo na hapo kila mtu fundi. Nyufa zitasubiri. We panda juu, na ukiweza panda wakati wa masika, kiangazi nyumba yoyote inakudanganya.

Huko juu tafuta maji yanapoingilia tu. Bati limetoboka wapi, gata imeziba, kuna mti umeota ukutani (usiung'oe kwa nguvu, utaondoka na mawe), na tangi la maji limekaa juu ya nini, maana lita 1000 ni tani nzima ile. Kuta zenyewe ni mawe ya matumbawe kwa chokaa na udongo, unene nusu mita na zaidi, zikiwa kavu hazina neno, ila maji yakizama kwa juu yanaikosha ile chokaa taratibu mpaka ukuta nje unauona mzima kumbe ndani mchanga mtupu.

Sasa boriti, hapa usiwe na haraka. Ghorofa zote zimebebwa na boriti za mikoko, ndo maana vyumba virefu lakini vyembamba, upana mita 3 hivi, boriti haivuki zaidi. Katikati utaiona safi kabisa, kinachooza ni kichwa kilichoingia ukutani. Chukua bisibisi, chomeka pale pale inapoingilia. Ikigoma sawa, ikizama kama kwenye mkate wa boflo hiyo imekwisha. Fanya moja moja, pande zote mbili, mbovu zitie alama ya chaki. Nyumba ya bibi yetu chumba kimoja kina boriti 14, tukakuta 5 zimeoza na zote ziko chini ya choo walichokuja kuongeza ghorofani baadaye, kwa hiyo vyoo vya juu anza navyo. Na usirukeruke kujaribu sakafu jamani.

Ukutani gonga kwa mpini wa nyundo usikilize, pakilia kama patupu ndani, lipu imeachia. Lipu ya simenti iangalie vibaya, inafungia unyevu ndani, utaona chumvi nyeupe na rangi inabanduka kuanzia chini. Halafu teremsha timazi (uzi wenye kitu kizito mwishoni) kutoka juu, pima nafasi kati ya uzi na ukuta kila ghorofa, kama ukuta umetoa tumbo utajua hapo hapo. Ndani cheki ukingo wa sakafu, ukiona imeachana na ukuta, ukuta unatoka nje. Na uliza duka la chini, kuna mtu alivunja ukuta kupanua?

Nyufa sasa. Zile nyembamba kama unywele kwenye lipu achana nazo. Ya kuogopa ni ya pembeni pale kuta mbili zinapokutana, juu pana chini nyembamba. Bandika kipande cha kioo chembamba kwa plasta ya jasi (si ya kidonda) kivuke ufa, andika tarehe, kioo kikikatika ufa unatembea bado. Hapo usikae chini yake, Beit el Ajaib, lile jumba kongwe la masultani hapo Mji Mkongwe, sehemu yake iliporomoka Disemba 2020 matengenezo yakiendelea na watu wawili walikufa. Ita injinia anayezijua nyumba za chokaa, na kabla hujagusa jiwe pitia Mamlaka ya Mji Mkongwe upate kibali, ukiwa na picha zako na hesabu ya boriti mkononi.