Nani kalipia utafiti huu? Namna ya kukagua dai la tabianchi kabla ya kulitangaza

Natayarisha vipindi vya redio hapa Unguja. Nikienda Paje au Jambiani kurekodi akina mama wa mwani, ubishi wa barazani ni ule ule. Mmoja anasema wanasayansi hutangaza joto la bahari ili wale pesa za wafadhili. Mwengine anasema wanaopinga wamelipwa na kampuni za mafuta. Hakuna aliyefungua karatasi hata moja. Mama ambaye kotonii yake (aina ya mwani) inaoza kila maji yakipata moto anastahili jibu bora zaidi. Mimi hufanya hivi.

Hatua ya 1: Itafute makala yenyewe. Klipu ya WhatsApp si utafiti. Nisipoipata makala, sitangazi.

Hatua ya 2: Anza kusoma mwisho. Kabla ya orodha ya marejeo huwa pana shukrani, majina ya wafadhili na tamko la mgongano wa maslahi. Usishtuke ukikuta mfadhili. Mkono mtupu haulambwi: boti, mafuta na vipima joto vinanunuliwa. Taasisi ya Sayansi za Bahari, hapa hapa Unguja, imesaidiwa na Sweden kwa miaka mingi, na hilo halikufichwa. Kwa upande wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, wanasayansi wanaoandika ripoti zake hawalipwi na chombo hicho kwa kazi hiyo.

Hatua ya 3: Angalia kilichofichwa. Februari 2015, nyaraka zilizopatikana kwa sheria ya Marekani ya uhuru wa habari zilionyesha kwamba Willie Soon, mtafiti aliyelitupia jua lawama ya ongezeko la joto, alipata zaidi ya dola milioni 1.2 kutoka kwa wenye maslahi katika mafuta na makaa ya mawe. Makala zake zisizopungua 11 hazikulitaja hilo. Yeye alikana kwamba fedha ziliongoza kazi yake. Kwangu mimi, kunyamaza huko kunatosha kunifanya nikague kila takwimu yake mara mbili.

Hatua ya 4: Usiishie kwenye fedha. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, pande zote mbili. Richard Muller, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwa na shaka na rekodi za joto. Mradi wake ulipata dola 150,000 kutoka wakfu wa Charles Koch, tajiri wa viwanda vya mafuta. Mwaka 2012 alitangaza kwamba nchi kavu imepata joto kweli, na kwamba chanzo karibu chote ni binadamu. Tena wanasayansi wa kampuni ya mafuta ya Exxon wenyewe, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, walibashiri ongezeko la joto kwa usahihi mkubwa, huku kampuni ikieneza shaka hadharani. Ungewakataa kwa sababu ya mshahara wao, ungeukataa ukweli.

Hatua ya 5: Tafuta vipimo vya mtu mwengine, aliyelipwa na mfuko mwengine. Rekodi za joto za Marekani, Uingereza na Japani zinatayarishwa mbali mbali, na zinakwenda sambamba. Kwa usawa wa bahari, bandari ya Zanzibar ina kipimo kinachorekodi tangu mwaka 1984. Kisha waulize wanaoshuka pwani kila bamvua. Wanakumbuka vigingi vyao vya mwani vilikuwa wapi.

Hatua ya 6: Hewani, taja vyote viwili kwa pumzi moja: “Utafiti huu umelipiwa na fulani, na vipimo vyake vimelinganishwa na vya fulani.”