Kutambua koti la wanamaji: nanga iangalie mwisho

Jumapili moja pale soko la Kibuye, Kisumu, nilishika koti zito la buluu iliyokoza. Vifungo vilikuwa na nanga, na lebo ya ndani imeandikwa RN ikifuatwa na tarakimu tano. Mwenye kibanda akanitazama akaniambia, "Hiyo ni Royal Navy, fundi. Hiyo ni kamera, usiniletee bei ya fagia." Yaani jeshi la majini la Uingereza, tena daraja la kwanza (kamera), si mabaki (fagia). Nikatoa shilingi 2,500 bila kubishana. Baadaye sana ndipo nikajua kwamba RN ya lebo kama hizo ni namba ya usajili wa kampuni za nguo Marekani, na utaikuta hata kwenye soksi na sidiria. Nililipia herufi mbili.

Kwa hiyo somo hili nimelipanga kinyume na macho yetu yanavyopenda. Nanga inashonwa na kila kiwanda duniani. Tunaanza ndani.

Hatua ya 1: Lebo

Geuza koti, chunguza bitana na mfuko wa ndani. Koti la jeshi la majini la Marekani huwa na lebo ya mkataba, mfano DSA 100-67-C na namba nyingine mbele. DSA ndiyo idara iliyonunulia majeshi ya Marekani vifaa kuanzia miaka ya mwanzo ya 1960 hadi 1977, na hiyo 67 ni mwaka wa fedha wa mkataba, yaani 1967. Ukiona DLA badala ya DSA, ndilo jina jipya la idara hiyo, koti ni la 1977 au baadaye.

Ukikuta namba ya tarakimu 13 iliyokatwa kwa vistari, hiyo ni namba ya bohari za NATO, ule muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi. Kundi la kwanza lina tarakimu nne. Kundi la pili, lenye tarakimu mbili, ndilo linalotaja nchi: 99 ni Uingereza, 12 Ujerumani, 14 Ufaransa, 00 au 01 Marekani. Makoti mengi ya Kijerumani tunayopewa kama "ya Vita vya Hitler" yana 12 hiyo, na NATO yenyewe ilizaliwa 1949. Hesabu unaweza kuimalizia mwenyewe.

Lebo ikiwa imekatwa, ingiza mkono mfukoni. Makoti ya Marekani ya wakati wa Vita vya Pili mara nyingi yana mifuko yenye bitana ya kodroi. Na lebo ikiwa na vialama vya pasi na beseni la kufulia, vita vya 1945 visahau.

Hatua ya 2: Kitambaa

Vuta uzi mmoja kwenye pindo, uuchome. Sufu hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika vidoleni. Poliesta huyeyuka ikaacha kidonge kigumu. Usichome mbele ya muuzaji kabla hujalipa.

Hatua ya 3: Vifungo

Hapa ndipo ninapopoteza saa nzima. Kifungo cha ofisa wa Uingereza kina nanga iliyozungushiwa kamba, juu yake taji. Itazame taji, achana na nanga. Kuanzia 1902 hadi alipofariki George wa Sita mwaka 1952, matao ya taji yalipanda na kuviringana kama kuba. Enzi ya Elizabeth wa Pili matao yakabonyea katikati. Charles wa Tatu amerudisha taji la kuba tangu 2022, kwa hiyo kuba peke yake siku hizi haitoshi. Pindua kifungo: kutu, jina la mtengenezaji na uzi uliolika vitakuambia kama ni cha babu au cha juzi.

Suruali za mabaharia wa Marekani zina vifungo 13 mbele. Wauzaji watakuambia ni kwa ajili ya makoloni 13 ya kwanza. Hadithi tamu, lakini zamani vilikuwa saba. Vikaongezwa kipande cha mbele kilipopanuliwa.

Hatua ya 4: Mikono

Ofisa wa Uingereza ana mistari ya dhahabu, na ule wa juu umepinda kitanzi. Wa Marekani hana kitanzi. Wengi wana nyota juu ya mistari. Mistari ikikutana kwenye umbo la almasi, hiyo ni ya ofisa wa meli ya biashara. Ikiwa imepindapinda kama mawimbi, furahi kimyakimya: hiyo ni ya ofisa wa kikosi cha akiba cha wanamaji wa kujitolea wa Uingereza, na mtindo huo uliachwa mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Baharia wa Marekani mwenye cheo ana picha ya ndege tai juu ya tepe za V. Mistari ya mshazari chini ya mkono ni miaka ya utumishi, kila mmoja minne.

Maswali ya wanachama

*Nakuru, Section 58: Fundi, nina fulana ya mistari ya buluu na nyeupe. Nimeambiwa ni ya wanamaji wa Ufaransa.*

Hesabu mistari, ndugu. Agizo lao la 1858 lilitaka kiwiliwili kiwe na mistari myeupe 21, kila mmoja upana wa milimita 20, na ya buluu ya milimita 10. Nyeupe ni mara mbili ya buluu. Yako ikiwa na mistari sawa kwa sawa, ni ya kwendea pikiniki Lake Elmentaita.

*Kisumu, Kondele: Babu alifanya kazi kwenye meli za ziwani. Ameacha koti lenye vifungo vya herufi EAR&H. Ni navy?*

Hapana, dada, ila usiliuze kwa haraka. Hilo ni shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki, lililoanza 1948. Kabla yake herufi zilikuwa KUR&H. Meli za Kisumu zilikuwa chini ya reli, hata ile Victoria iliyoanza safari 1961. Muulize bibi kama kuna picha yake akiwa amelivaa.

*Kakamega: Nimepata sare ya Kenya Navy yenye beji. Naweza kuivaa harusini?*

Usiivae kabisa. Sheria yetu inakataza raia kuvaa sare ya majeshi bila ruhusa, na askari hatakuuliza kama uliinunua sokoni. Ipeleke kituoni.

*Molo: Nitoe beji mkononi ili nilifue koti vizuri?*

Mzee wangu, iache hapohapo. Inua ukingo kwa sindano utazame kitambaa cha chini. Kikiwa na rangi ile ile ya mkono mzima, beji huenda imeshonwa juzi. Kikiwa kimekoza kuliko kwingine, beji imekaa hapo miaka ikikinga jua. Ukiifumua, ukaisuuza, ukairudisha kwa uzi wa cherehani, mnunuzi anayejua atadhani umeibandika wewe. Vumbi litoe kwa brashi, halafu lianike kivulini.