Masizi Huchomwa, Majivu Huzolewa: Namna ya Kuishi na Mfumo wa Moshi wa Lori la Dizeli Marekani

Mwongozo huu nimewaandikia wasemaji wenzangu wa Kiswahili wanaoendesha lori lao wenyewe Marekani au wanaojiandaa kulinunua, hasa wale ambao mizigo yao huwapeleka California. Wengi wetu tuliijua kazi hii katika barabara ya kutoka Mombasa kwenda Malaba, au ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, ambako lori lililotoa moshi mweusi mlimani lilisifiwa kuwa lina nguvu. Huku moshi mweusi una maana moja tu: kichujio kimepasuka au kimeng'olewa, na mkaguzi ameshakuona kabla hujakanyaga breki.

Hatua ya 1: Fuata njia ya moshi kwa macho

Kabla ya kugusa chochote, ingia chini ya lori ukiwa na tochi na ufuate bomba kutoka kwenye injini hadi mwisho wake. Sehemu ya moshi hurudishwa ndani ya injini, baada ya kupozwa, kupitia mfumo uitwao EGR. Unaobaki huzungusha turbo, hupita kwenye kichocheo cha kwanza (kifaa kinachobadilisha kemikali za moshi), kisha huingia katika kichujio cha masizi ambacho kila dereva hapa hukiita DPF. Mbele ya hapo ipo nozeli ndogo inayonyunyiza maji ya urea, yaani DEF, na baada yake kichocheo cha SCR, ambamo oksidi za naitrojeni hugeuzwa kuwa naitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji. Sensa za joto, za shinikizo na za oksidi hizo zimetapakaa njia nzima, na kila moja ina uwezo wa kuwasha taa kwenye dashibodi.

DPF ilienea kwa sababu ya masharti ya Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, kwa injini za 2007, na SCR ilifuata kwa masharti ya 2010. Yote hayo yaliwezekana baada tu ya dizeli ya barabarani kupunguzwa salfa hadi sehemu 15 kwa milioni kuanzia 2006, kwa maana salfa huviua vichocheo. Ukisoma mwaka, usome kwenye kibao cha injini na si kwenye mlango wa lori, kwa sababu lori la 2013 mara nyingi hubeba injini ya 2012, na tofauti hiyo ya mwaka mmoja itabadilisha aina ya kipimo utakachofanyiwa California.

Hatua ya 2: Tenganisha masizi na majivu

Aliyewahi kupikia kuni hahitaji kufundishwa tofauti hii. Masizi ni kaboni ambayo haikuungua vizuri, na yakipata joto la kutosha huungua na kutoweka. Majivu ni mabaki ya dawa zilizomo ndani ya oili ya injini, ambayo hupenya kidogo kidogo kwenye silinda na kuungua humo. Majivu hayachomeki tena, kwa hiyo hukaa ndani ya kichujio mpaka kitolewe na kusafishwa kwa mashine.

Lori likiwa na mzigo na likienda barabara kuu, moshi wenyewe huwa na joto la kuchoma masizi polepole bila wewe kujua. Joto lisipotosha, kompyuta hunyunyiza dizeli kidogo ndani ya moshi, kichocheo cha kwanza huichoma, na joto hupanda hadi kati ya nyuzi 550 na 600 za Selsiasi. Dizeli hiyo haikusogezi hata futi moja. Kila uchomaji wa namna hii ni mafuta uliyoyanunua ili usafishe uchafu ambao, kwa sehemu kubwa, uliutengeneza mwenyewe.

Kwa upande wa majivu, tumia oili yenye alama ya CK-4, au nyingine iliyotajwa na mtengenezaji wa injini yako, kwa sababu oili hizo zimewekewa kikomo cha majivu. Kichujio kisafishwe kwa mashine kwa maili zilizoandikwa katika kitabu cha injini. Kwa kazi za masafa marefu mara nyingi huwa kati ya maili 200,000 na 400,000, na kwa lori la mjini lenye kusimama mara kwa mara huwa mapema zaidi. Usikioshe kwa pampu ya maji ya shinikizo, hata ukiona video ya mtu anayefanya hivyo kwa mafanikio.

Hatua ya 3: Linda joto, nayo mafuta yatajilinda

Adui mkubwa wa DPF ni kuacha injini ikiunguruma usiku kucha wakati lori limesimama. Moshi wa injini inayounguruma bila mwendo ni wa baridi, masizi hujazana, EGR huvaa utando mzito, na injini hula takribani galoni 0.8 kwa saa. Piga hesabu: saa 8 kila usiku, siku 250 kwa mwaka, ni galoni 1,600. Kwa lori linalokwenda maili 6.5 kwa galoni, hayo ni mafuta ya kusafiri maili 10,400, yaani karibu safari mbili za kwenda na kurudi kati ya Los Angeles na New York. Injini ndogo ya pembeni ya kuendeshea kiyoyozi, au kiyoyozi cha betri pamoja na hita ndogo ya dizeli, hurudisha gharama yake mapema kuliko kifaa kingine chochote nilichowahi kufunga. California, zaidi ya hayo, kuunguruma kwa zaidi ya dakika 5 kumekatazwa kwa malori makubwa ya dizeli, isipokuwa katika mazingira machache kama vile injini yenye kibandiko rasmi cha kuunguruma kwa usafi.

Mwendo ndio wa pili. Madereva hapa hukadiria kwamba kila maili 1 kwa saa unayoongeza juu ya 65 hupunguza maili 0.1 kwa kila galoni, na daftari langu linakubaliana na kadirio hilo. Kushuka kutoka 70 hadi 65 kunaweza kukutoa maili 6.5 kwa galoni na kukufikisha 7. Kwa mwaka wa maili 100,000, hizo ni galoni zipatazo 1,100. Upepo wa matairi kila mtu anaujua, ingawa si kila mtu anaupima.

Taa ya DPF ikikuomba uchome masizi ukiwa umeegesha, egesha mahali pa lami au zege, mbali na nyasi kavu, magari mengine na watu, kwa sababu moshi utokao hapo unaweza kuwasha moto. Kazi hiyo huchukua kama dakika 40 hadi saa nzima. Usiikatize kwa sababu wakala wa mizigo anapiga simu, mwache asubiri.

Hatua ya 4: Andika DEF sambamba na dizeli

DEF ni urea asilimia 32.5, na iliyobaki ni maji yaliyosafishwa chumvi. Huganda kwenye nyuzi 11 chini ya sifuri, na lori lina hita ya kuiyeyusha, kwa hiyo kuganda si ubovu. Kinachoiharibu ni jua, uchafu na kukaa muda mrefu. Dumu lililokaa mwaka mzima ndani ya trela la Arizona usilitie. Kifaa kidogo cha kuchungulia cha kupimia urea (refraktomita) si ghali, na kitakuepusha na taa nyingi.

Kila unapojaza, andika maili, galoni za dizeli na galoni za DEF. Uwiano wa kawaida ni galoni 2 hadi 3 za DEF kwa kila galoni 100 za dizeli. Ukishuka ghafla, mara nyingi nozeli imezibwa na chumvi nyeupe ya urea. Ukipanda sana, ama kuna uvujaji, ama injini inatoa oksidi nyingi kuliko kawaida na EGR ndiyo ya kuchunguzwa. Daftari hili huona tatizo siku nyingi kabla ya kompyuta.

Ukitia dizeli kwenye tangi la DEF kwa bahati mbaya, usizungushe ufunguo hata kidogo, kwa sababu pampu ikishavuta, mfumo mzima utabadilishwa. Ukiishiwa DEF, au sensa yake ikikosea, kompyuta hupunguza nguvu kwa awamu, na kwa programu za zamani iliweza kukufikisha kwenye mwendo wa maili 5 kwa saa. Agosti 2025 EPA iliwataka watengenezaji walegeze programu hizo, kwa hiyo muulize wakala wa chapa yako kama lori lako lina programu mpya.

Hatua ya 5: Taa ya kichujio ikiwaka, tazama kwanza vilivyo kabla yake

Hapa ndipo wamiliki wengi hupoteza fedha, nami nilikuwa mmoja wao. Katika mwaka wa tatu wa lori langu, taa ya DPF iliwaka mara tatu ndani ya wiki moja. Karakana niliyokwenda iliniuzia kichujio kilichosafishwa, wakafuta makosa kwenye kompyuta, nikaondoka nimeridhika. Baada ya siku 19 taa ilirudi. Safari hiyo nilikwenda kwa fundi mzee asiyekuwa hata na bango, ambaye hakukigusa kichujio kabisa: alifungua bomba linalotoka kwenye turbo, akapitisha kidole ndani, akanionyesha oili. Muhuri wa turbo ulikuwa unavuja, na oili yote hiyo ilikuwa ikienda kuungulia ndani ya kichujio nilichokilipia.

Tangu siku hiyo nachunguza kwa mpangilio, kutoka kilicho rahisi kwenda kilicho ghali. Kwanza natazama mipira ya mabomba ya hewa kati ya turbo na kipoza hewa, kwa sababu mpasuko mdogo hupoteza hewa, na injini isiyopata hewa hutengeneza masizi. Pili naangalia oili kwenye turbo. Tatu, kama maji ya rejeta yanapungua na hakuna tone chini ya lori, nashuku kipoza EGR, ambacho huvujisha maji hayo ndani ya moshi na kuacha utando mweupe kwenye vichocheo. Nne, nozeli za injini zipimwe, maana moja inayodondosha badala ya kunyunyiza inatosha kujaza kichujio. Mwisho kabisa ndipo nashuku sensa ya shinikizo la kichujio chenyewe, nikianza na vimipira vyake viwili vyembamba, ambavyo huziba au huyeyuka na kuisababisha kompyuta ione kichujio kimejaa wakati hakijajaa.

Dalili ya kukuharakisha ni muda kati ya uchomaji mmoja na mwingine. Kama lori lilikuwa likichoma mara moja kwa siku mbili na sasa linachoma mara mbili kwa siku moja, usingoje taa.

Kuhusu kung'oa mfumo mzima na kubadilisha programu, kama unavyoshauriwa kwenye maegesho: sheria ya shirikisho ya hewa safi inamkataza mtu yeyote kufanya hivyo, mwenye lori akiwemo, na lori la namna hiyo halitapita California. Ukinunua lililotumika, muuzaji akikwambia kwa fahari kwamba halihitaji DEF, rudi nyumbani.

Hatua ya 6: Usichanganye kaguzi mbili

Ukaguzi wa shirikisho hufanywa kila baada ya miezi 12 na unahusu usalama: breki, usukani, matairi, taa. Katika mfumo wa moshi mkaguzi hutafuta uvujaji karibu na kibanda cha dereva, na bomba linaloweza kuunguza nyaya au njia za mafuta. Kompyuta haisomwi kwa ajili ya hewa. Weka ripoti hiyo kwa miezi 14.

Wa California, uitwao Clean Truck Check, ni jambo jingine. Uliwekwa na bodi ya hewa ya jimbo, CARB, kwa malori ya dizeli yenye uzito ulioidhinishwa wa zaidi ya pauni 14,000 yanayopita katika jimbo hilo, hata yaliyosajiliwa kwingine. Unafungua akaunti, unasajili lori, unalipa ada ya mwaka, kisha unawasilisha vipimo. Kuanzia 2025 vipimo ni viwili kwa mwaka, na kuanzia Oktoba 2027 malori yenye kompyuta ya kujichunguza yatapimwa mara nne. Injini za 2013 na kuendelea husomwa kompyuta yake. Za zamani zaidi hupimwa weusi wa moshi na kukaguliwa kwa macho. Mpimaji lazima awe amefaulu mtihani wa CARB, na mafunzo yake hutolewa mtandaoni bila malipo, kwa hiyo mwenye malori mawili au matatu anaweza kusoma na kujipimia, mradi apate kifaa kilichoidhinishwa.

Usifute makosa asubuhi ya kipimo. Kufuta hurudisha nyuma majaribio yote ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe, kifaa huona hivyo, na kipimo kinaweza kukataliwa. Tengeneza, futa, kisha endesha siku kadhaa za kawaida zenye kuwasha injini ikiwa baridi, mwendo mrefu wa barabara kuu na uchomaji kamili wa masizi, ndipo upime. Kipimo huanza kupokelewa siku 90 kabla ya tarehe ya mwisho. Mimi hupima mwanzoni mwa siku hizo, ili nikishindwa nibaki na muda wa kutafuta kipuri bila kulipa bei ya dharura. Vifaa vya kupima moshi vilivyowekwa barabarani vikikunasa unatoa moshi mwingi, utaletewa barua na utakuwa na siku 30 za kuwasilisha kipimo kilichofaulu, bila kujali kwamba ulipimwa mwezi uliopita.

Wakala wa mizigo naye anatakiwa kuthibitisha kwamba lori lako limetimiza masharti, kwa hiyo weka cheti ndani ya simu na nakala ya karatasi kwenye kibanda. Kwa lori ambalo halijatimiza masharti na lina safari moja tu ya California, ipo ruhusa ya siku 5 inayotolewa mara moja kwa mwaka. Iombe angalau siku 7 za kazi kabla ya safari, ukishajua tarehe ya kupakia.