Mtoto wako ameingia mashindano ya roboti? Soma hii kabla hujapanda matatu

Msichana wangu ako Form 3 na huu ni mwaka wa pili akiwa kwa klabu ya roboti. Mara ya kwanza aliponiita nikamwone akishindana nilidhani ni kitu kama drama festival, unaketi, watoto wanapanda jukwaani, unapiga makofi mnaenda nyumbani. Nikatoka Nakuru mpaka Kisumu na viatu vya kisigino na kibeti kidogo cha kuingia simu tu. Sai nimeenda mara nne na makosa yote ambayo mzazi anaweza kufanya huko nimeyamaliza, so wewe huna haja ya kuyarudia.

Anza kwa kuuliza ni mashindano ya aina gani, na umuulize mwalimu wa klabu, si mtoto, juu mtoto atakwambia "ni ya roboti tu mum" alafu akate simu maana dakika zake zimeisha. Kuna zile za science fair, KSEF (Kenya Science and Engineering Fair), zinatoka sub-county zinaenda kaunti, region, mpaka nationals. Huko roboti ni projekti kama projekti zingine, watoto wanasimama na chati yao na majaji wanapita wakiuliza maswali, hakuna mbio. Alafu kuna zile za mechi. FIRST LEGO League ni roboti ndogo ya Lego juu ya meza, inafanya kazi ilizopewa kwa dakika 2 na nusu, na ni ya watoto mpaka miaka 16. FIRST Tech Challenge hapo ndio utaona vurugu, roboti nne uwanjani kwa wakati mmoja, mbili za upande mwekundu na mbili za upande wa bluu, dakika 2 na nusu pia. Sekunde 30 za kwanza hakuna mtoto anashika kitu, roboti inajiendesha na ile koding walioandika, alafu zile dakika 2 zinazobaki ndio wanachukua rimoti kama za kucheza gemu. VEX V5, mashindano mengine ya mechi, nayo ni dakika 2 na roboti inajiendesha sekunde 15 za mwanzo.

Ni muhimu kujua hii juu mimi kwa mechi ya kwanza nilisimama nikaanza kupiga nduru "songa! songa upande ule!" na roboti ilikuwa bado inajiendesha, mtoto amesimama mikono nyuma, na mzee mmoja hapo kando akaniambia pole pole, "mama, hiyo haisikii." Hizo sekunde nyamaza tu umwangalie mtoto wako usoni. Ni kama anangojea matokeo ya KCSE.

Safari sasa. Kama unatoka Nakuru, mechi zikianza saa 3 asubuhi wewe unafaa uwe kwa stage saa 9 usiku ama ulale Kisumu, juu hapo Salgaa matrela yakiamua kupanga foleni hakuna dereva wa kukusaidia. Beba sweta ya kupita nayo Londiani na Kericho, ukifika Ahero utaitoa utafute pa kuiweka. Na ukumbi wa shule Kisumu mwezi wowote wa mwaka, ukiwa na watu 300 na mabati juu, ni jiko. Viatu vya chini. Leso ya kujipangusa jasho. Kutoka stage chukua tuktuk, lakini muulize mwalimu jina kamili la mahali, juu shule zinazofanana majina ziko nyingi na mimi nilishapelekwa ya wavulana nikitafuta ya wasichana, lisaa likaenda hivyo.

Asubuhi utakuta roboti zinapimwa. Kwa FIRST Tech Challenge kwa mfano roboti ikianza mechi lazima iingie kwa boksi la inchi 18 kila upande, na kuna mtu wa kukagua na kupima. Hii ndio saa ya presha kuliko mechi zenyewe. Niliwahi kuona kijana amepiga magoti kwa simiti, ameshikilia kipande cha aluminiamu na goti, anakikata na bleidi ya msumeno imefungwa kitambaa kwa mkono kama mpini, juu roboti yao ilikuwa imezidi kama unene wa kidole kidogo. Mwenzake anahesabu dakika kwa sauti. Hapo usiende kumsalimia mtoto, usiulize kama amekunywa chai. Simama mbali, akikuona atapunga mkono, imetosha.

Na usiguse roboti. Najua mkono utawasha, hasa wababa, hasa wababa wenye wamewahi kufungua redio. Kuna mmoja tulikuwa naye aliona skrubu imelegea akachukua bisibisi akaikaza, kumbe ililegezwa makusudi ndio ule mkono uzunguke. Kazi ni ya watoto, na majaji wakiona mtu mzima ameinamia meza wanaanza kujiuliza nani alitengeneza hii kitu. Ukikubaliwa kuingia pale meza za timu ziko (mimi napaita gereji) uliza kama unahitaji miwani ya kukinga macho, FIRST Tech Challenge hawakubali mtu kukaribia bila hiyo, na kama unavaa miwani ya kusomea omba ile kubwa ya kuvaliwa juu.

Kwa stima wacha nikae kidogo, juu hapa ndio nilipojulikana.

Ukumbi wa shule una soketi nne au tano, timu ni kumi na kitu. Kwa hivyo kila timu inakuja na ekstensheni, na ekstensheni imechomekwa kwa ekstensheni ya jirani, mpaka pale sakafuni panakaa kama kiota. Simu yangu ilikuwa imebaki asilimia 6. Nikaona kwa ekstensheni ya timu yetu kuna chaja nyeusi, kubwa kama tofali nusu, na sikuona simu yoyote imeunganishwa nayo. Nikasema hii wamesahau. Nikaichomoa nikaweka yangu, ile waya yangu ya pinki.

Hiyo tofali ilikuwa chaja ya betri ya roboti. Betri yenyewe ilikuwa chini ya meza, imefunikwa na sweta ya shule.

Mechi ya tatu wakaweka hiyo betri wakijua imejaa. Roboti ikatoka vizuri, ikafanya ile sehemu ya kujiendesha, ikaokota vitu viwili, alafu katikati ikaanza kutembea kama mtu ametoka matanga asubuhi, mkono ukainuka nusu ukashuka wenyewe. Tukashindwa. Watoto wakadhani ni waya umelegea mahali, wakafungua kila kitu, wakakaa hapo nusu saa wakivuta waya mmoja mmoja, na mimi nimeketi nyuma yao na simu asilimia 90 nikijifanya nasoma meseji za chama. Mpaka kijana mmoja akachukua mita, akapima betri, akasema "hii haikuchajiwa." Ni betri ya volti 12, ikijaa inasoma 13 na zaidi, hiyo ilikuwa 11 na kitu. Msichana wangu akafuata waya wa chaja na macho mpaka kwa ekstensheni. Akaona pinki.

"Mum."

Hakuongeza neno. Mpaka leo kwa hiyo timu naitwa Auntie Chaja.

So nunua power bank, ama chaji simu yako kwa kinyozi huko nje ulipe. Soketi za ukumbini si zako. Ukitaka kuwa wa maana leta ekstensheni ndefu nzuri, ile ya waya mnene, uwapatie na uende zako. Na ukienda, zima hotspot. Roboti za FIRST Tech Challenge zinaongea na rimoti kwa waifai na sheria zao zinakataza watu kuwasha hotspot zao ukumbini, juu zikiwa nyingi roboti inaweza kupoteza mawasiliano katikati ya mechi. Piga picha lakini bila flash, roboti zingine zinasoma rangi na mwanga na ile flash yako inaweza kuzichanganya. Picha za watoto wa wenyewe usipeleke status bila kuuliza.

Chakula: ongea na mwalimu kwanza, shule zingine hazitaki chakula cha nje kabisa. Wakikubali, leta cha timu nzima, si cha mtoto wako peke yake, hiyo ya kumwita mtoto kando umpe kuku kwa mfuko huku wenzake wanaangalia tafadhali tuache. Ndizi, mkate, maji mengi. Mandazi na chapo zina mafuta, na kidole cha mafuta kikishika magurudumu unajua mwenyewe, kama utaleta basi leta na tishu. Mayai ya kuchemsha kwa joto la Kisumu, ndani ya ukumbi, hapana. Samaki utakula ukitoka.

Kuna kitu kitakuchanganya mechi za FIRST Tech Challenge zikiendelea. Asubuhi timu fulani iko upande wenu, mchana ndio mnapambana nayo. Ni kawaida, wanapangwa hivyo, kila mechi unapewa mwenzako. Kwa hivyo usianze uadui na wazazi wa shule ingine saa 4 asubuhi, saa 6 mtakuwa mnashangilia pamoja. Baadaye timu zilizo juu zinachagua wenzao wa kuingia nao fainali, na timu iliyoshindwa mechi kadhaa inaweza kuchaguliwa kwa sababu roboti yake inafanya kitu kimoja vizuri. Usifunge mfuko ukaenda stage mapema. Tuliona timu moja ya upande wa Kakamega, walikuja na isukuti mpaka refa akaomba ngoma zikae nje, wakatukopa bisibisi yetu asubuhi, msichana wangu akawapea bila kufikiria, na mchana hao hao wakatupiga. Nilimuuliza kwa nini alisaidia adui. Akaniangalia kama nimeuliza kitu ya ajabu. FIRST, lile shirika lenye hizi mashindano, tangu lianzishwe Marekani 1989, wanawafundisha hivyo, unashindana kwa nguvu yako yote na bado unamsaidia mwenzako roboti yake itembee.

Na mshindi wa mechi si lazima awe ndiye anayebeba tuzo kubwa. Kwa FIRST LEGO League mechi za roboti ni robo tu ya alama, robo zingine tatu ni venye walibuni roboti, ile projekti ya utafiti, na venye wanafanya kazi pamoja. Kwa FIRST Tech Challenge pia tuzo ya juu kabisa, Inspire, inategemea majaji. Majaji wanaongea na watoto bila wewe. Kama ni fair na umesimama karibu na meza, jaji akiuliza swali na mtoto akanyamaza, wewe pia nyamaza, ata kama jibu unalijua, ata kama mlilifanyia mazoezi jikoni wiki nzima. Mahali unaweza kusaidia ni nyumbani, kabla. Weka risiti za vitu mlinunua, na usitupe vile vipande vilivyovunjika, ama uvipige picha kwanza. Majaji wanapenda kuona roboti ilikuwa mbaya namna gani mwanzoni na nini kilibadilika. Sisi tuna magurudumu matatu ya vifuniko vya chupa kwa droo, na yalizungumziwa na jaji kuliko roboti yenyewe.

Roboti ikikwama uwanjani, na itakwama, usimkimbilie mtoto na "usijali, mlijaribu." Wangu alinikataza hiyo kabisa. Muulize tu nini kiliharibika, alafu usikilize, atakueleza dakika kumi maneno ambayo robo yake utaelewa, na akimaliza atakuwa ameshatulia na amerudi gereji.

Jioni kama ni wa bweni anarudi na basi ya shule. Usimchukue hapo bila mwalimu kuandika, ata kama nyumbani ni njia moja. Pesa ya matumizi mpatie mwalimu.

Na mwalimu akikuomba usaidie kubeba vitu juu basi imejaa, uliza kwanza ni ukubwa gani. Mimi nilikubali, nikapewa roboti yenyewe kwa kreti ya soda, imefunikwa na leso yangu. Nimefika nayo kwa matatu ya Nakuru, konda akauliza ni kuku? Nikasema ni roboti. Akafunua leso, akaangalia ule mkono, akaangalia kiti cha kando yangu, akasema, "Mathe, hiyo basi italipa kama mtu mzima." Nililipa.