Kumdhamini Mnyamapori kwa Niaba ya Mtoto

Nilipompa binti yangu zawadi ya kumdhamini tembo yatima, aliuliza, "Atafika lini?" Basi anzia hapo: mweleze mtoto mapema kwamba mnyama haji nyumbani, ila mnachangia matunzo yake huko aliko.

Kisha soma masharti vizuri. Udhamini wa WWF, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ni wa ishara. Fedha husaidia uhifadhi kwa jumla, si mnyama mmoja. Sheldrick Wildlife Trust, shirika la Kenya linalolea tembo yatima, lililoanzishwa 1977, hukuacha uchague ndama mwenye jina na historia yake. Mimi naipenda zaidi njia hii, maana mtoto hushikamana na jina. Mwache achague mwenyewe.

Habari za mnyama zikija, someni pamoja, hata zikiwa za huzuni. Yatima wengine hufa, na mtoto anastahili kuambiwa. Binti yangu aliposikia kwamba ndama wachanga hupewa maziwa kila baada ya saa 3, usiku na mchana, aliuliza nani huwaamkia. Tukatafuta picha: mlezi amelala zizini, kando ya ndama wake.