Yatakayokutoa kwenye mashindano ya bastola hata kama hujakosa shabaha

Vijana wa Mtwara na Lindi wanaokuja kwangu kujifunza huanza karibu wote na swali la kulenga: nishike vipi, jicho nilifumbe lipi. Hilo lina wakati wake. Kwanza naangalia mikono yako na jinsi unavyogeuka, kwa sababu mashindano ya bastola ya vitendo, yanayoendeshwa kwa kanuni za IPSC, shirikisho lililoundwa Marekani mwaka 1976, yana hesabu mbili tofauti. Ukikosa shabaha, unakatwa pointi na unaendelea. Ukikosea usalama, unatolewa kwenye mashindano yote, si kwenye kituo kile tu (kituo ni sehemu moja ya mashindano yenye shabaha zake), na mwamuzi halazimiki kukuonya kwanza. Nafurahi kwamba kanuni ni kali hivyo. Nilifundisha walinzi wa maghala ya korosho muda mrefu, na najua risasi haijui kama ulikusudia.

Anza bila risasi. Mimi nina bastola ya mti, nilichongewa na fundi wa Kimakonde wa Newala kwa mpingo, maana mpingo ni mzito na unachosha mkono kweli. Nilimwomba atoboe kikingo cha triga, ule upinde unaoizunguka, kidole kiwe na pa kuingia kikikosea. Mdomo wake nimeupaka rangi nyekundu, na haitoki uani. Usithubutu kutembea na kitu cha namna hiyo mtaani. Bastola yenyewe ni habari nyingine: lazima uwe na leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kulenga ni kwenye uwanja ulioruhusiwa, siyo kwenye shamba la mikorosho. Msimu wa kuokota huwezi kujua nani kainama nyuma ya mti.

Sasa kidole. Kilaze juu ya kikingo, kimenyooka ubavuni mwa bastola, na kikae hapo mpaka macho yako yawe kwenye shabaha na umeamua kupiga. Unapopakia, unapobadilisha magazini, unapotoa risasi iliyokwama, unapotembea, kidole kikionekana ndani ya kikingo umetoka. Mwanafunzi wangu akibadilisha magazini siangalii magazini, naangalia kidole. Rudia jioni ukiwa umesimama, kisha ukitembea polepole, mpaka kidole kipande chenyewe bila kukikumbusha.

Mdomo wa bastola ndio unaowatoa wengi. Chora mstari mrefu mchangani, simama juu yake ukilitazama tuta, ule udongo ulioinuliwa nyuma ya shabaha kuzuia risasi. Mdomo hauruhusiwi kurudi nyuma ya mstari huo: ukipita digrii 90 kutoka tutani, kushoto au kulia, safari imeisha, bastola iwe na risasi au haina. Ukisimama ni rahisi. Shida huanza unapokimbia, hasa kwa mtu wa mkono wa kulia anayekwenda kushoto. Kifua kinageukia kushoto, mkono unafuata kifua, na mdomo tayari uko kwenye mstari. Hapo hapo anaanza kubadilisha magazini: anaizungusha bastola ili mkono wa kushoto ulione tundu, na mdomo unazidi kwenda nyuma. Dawa yake ni kubadilisha magazini kabla hujaanza kugeuka, au kuacha miguu iende kushoto huku kiwiko cha kulia ukikibana ubavuni na mdomo ukiutazama tuta. Fanya hivyo na ile ya mti, rafiki akiwa amesimama pembeni mwa mstari akipaza sauti kila unapoupita. Anayefanya mazoezi haya peke yake hujidanganya, kwa kuwa macho yake yako mbele.

Usielekeze mdomo kwa mtu, na wewe mwenyewe ni mtu. Mkono wako wa kushoto ukipita mbele ya mdomo unapokoki, yaani unapovuta nyuma slaidi, sehemu ya juu ya bastola inayoteleza, umetoka. Kanuni inasamehe jambo moja tu: mdomo kupita chini ya mkanda, kwenye paja au mguu wako, unapochomoa au kurudisha kwenye holista, mfuko wa bastola wa mkandani, mradi kidole kiwe nje ya kikingo.

Risasi yenyewe nayo ina mipaka. Ikiruka juu ya tuta, umetoka. Ikipiga ardhi ndani ya mita 3 kutoka miguuni pako, umetoka, isipokuwa ulikuwa unapiga shabaha ya karatasi iliyo karibu kuliko hapo. Ikilia wakati unapakia au unatoa risasi, umetoka.

Hilo la kutoa risasi nalikazania, kwa sababu watu hulifanya kituo kimeisha na roho imeshatulia. Mpangilio ni huu: toa magazini kwanza, ndipo ukoki na uiache risasi ya chemba, ile iliyo tayari kupigwa, idondoke. Ukikoki kabla ya kutoa magazini, umeitupa moja na umeingiza nyingine. Mwonyeshe mwamuzi chemba tupu, nawe uitazame. Akikuamuru, rudisha slaidi, elekeza tutani, vuta triga, weka kwenye holista. Ikilia hapo huna utetezi.

Bastola ikikudondoka ukiwa unapiga kituo, umetoka. Lakini ikidondoka nje ya kituo, mathalani chooni unapofungua mkanda, ikiwa tupu si kosa. Kosa ni kuiokota. Watu wa adabu huinama bila kufikiri, na hapo ndipo wanapotolewa. Rudisha mikono nyuma, ita mwamuzi, yeye ataiokota, ataikagua na kukurudishia kwenye holista au begi.

Nje ya amri ya mwamuzi, bastola utaishika sehemu moja tu, eneo la usalama. Huko unaweza kufungua begi, kusafisha, kujaribu kuchomoa. Risasi huzigusi hata moja, hata zile bandia za mazoezi; zilizo mkandani, mfukoni au kwenye begi ziache humo humo. Kagua mifuko ya suruali kabla hujafika pale.

Ukitolewa, usibishane mbele ya watu. Unaweza kukata rufaa ndani ya saa moja, lakini tukio lenyewe alivyolieleza mwamuzi halipingiki. Kamati huangalia tu kama kulikuwa na mazingira ya kipekee. Kisha chukua vibandiko, nenda na kundi lako ukazibe matundu ya shabaha na kusimamisha zilizoanguka. Uko huru kubaki uwanjani, na utajifunza mengi kwa kuangalia vidole vya wenzako.