Kutengeneza muratina Nairobi: kazi kubwa iko kwenye tunda

Wengi wanaoniuliza kuhusu muratina huanza na asali: nichukue ya Kitui au ya Baringo? Asali safi ni lazima, lakini kinachoifanya divai hii ya Wakikuyu iwe muratina ni tunda la mvungunya (mti wenye matunda marefu kama soseji) lililoandaliwa sawasawa. Hapo usiharakishe.

Hatua ya 1. Pasua matunda yaliyokomaa katikati, uyaanike juani mpaka yakauke kabisa. Tunda bichi lina sumu, kwa hiyo usithubutu kulitumia hivyo hivyo. Yakishakauka yachemshe, umwage maji yote, uyaanike tena. Kisha yaloweke siku nzima kwenye maji ya asali kidogo, mahali penye joto, uyatoe na kuyaanika mara ya tatu. Ukilishika sasa ni jepesi, nyuzi tupu kama dodoki. Chachu hujificha ndani ya nyuzi hizo, ndiyo maana hamira ya dukani haihitajiki.

Hatua ya 2. Chemsha maji ya bomba, maana klorini huidhoofisha chachu. Yakibaki vuguvugu, tia lita 1 ya asali kwa kila lita 4 za maji, ukoroge mpaka isibaki asali chini. Maji ya moto sana hufukuza harufu ya maua, nayo ndiyo utamu wenyewe.

Hatua ya 3. Mimina kwenye kibuyu au ndoo safi, tumbukiza matunda, funika kwa kitambaa. Usizibe, gesi lazima itoke. Wazee waliweka kibuyu karibu na moto, na baridi yetu ya Julai bado inadai hivyo. Mimi hukizungushia blanketi jikoni. Nyuzijoto 25 hadi 30 zinafaa. Tega sikio mdomoni mwa kibuyu: ikianza kazi utaisikia ikinong'ona, na povu jeupe litapanda pembeni mwa tunda.

Onja kila siku. Huiva kati ya siku 1 na 4, ikipitiliza inaelekea siki. Kama ni ya ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu), ionje wewe kabla ya kuwawekea wazee.

Hatua ya 4. Chuja, inywewe mapema. Usiifungie kwenye chupa ya kioo, itapasuka. Kuuza kunahitaji leseni.

Matunda yasuuze, uyaanike, uyaweke pakavu. Yatachachusha kibuyu kijacho bila kuchemshwa upya.